Mkahawa Usio na Kahawa: Nani Alipewa Ulimi wa Kusifu Chakula cha Mlimani?

Neno "mkahawa", ambalo wengine hulitamka "mgahawa", limezaliwa na neno "kahawa". Kahawa ilitoka Arabuni na jina lake, ikakaa pwani, kisha jina likapanda bara pamoja na wafanyabiashara. Mwanzoni mkahawa ulikuwa mahali pa kunywea kahawa. Leo ni mahali popote panapouzwa chakula kilichopikwa. Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako kahawa imelimwa kwa zaidi ya karne moja, mtu anaweza kuingia mkahawa mmoja baada ya mwingine, kutoka Himo hadi Mwika, akapewa chai ya maziwa, mtori, ndizi na nyama, na asiulizwe hata mara moja kama atakunywa kahawa.

Naanza na neno hili kwa sababu limebeba swali ninalotaka tulijadili. Kila anayefika ugenini huuliza, "Nile wapi?" Swali hilo huonekana dogo, la tumbo tu. Lakini anayelijibu ana mamlaka: anaweza kuzijaza meza za mmoja na kuziachia nzi meza za mwingine. Siku hizi jibu linatolewa na simu. Mgeni hufungua ramani au tovuti ya wasafiri, akahesabu nyota, akasoma maoni ya waliomtangulia. Kwa mji wa Moshi maoni hayo ni mengi, na sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza na watu waliokuja kupanda mlima. Ukiifuata barabara ya Himo na Marangu mpaka Mwika, sauti hiyo hufifia. Soko linajaa watu, bucha zinaning'iniza nyama, vibanda vinafuka moshi tangu alfajiri. Lakini ukiiamini simu, utadhani huku watu hawali.

Hoja yangu ni kwamba ukimya huo haukuletwa na upungufu wa ladha. Una historia yake, na historia hiyo inahusu nani alipewa haki ya kuonja na kutoa hukumu, na nani alibaki kupika, kulima na kusubiri hukumu ya mwingine.

Tuanze kabla ya mkahawa. Mlimani, chakula kilichopikwa hakikuwa bidhaa. Kilipikwa kihambani na kuliwa kihambani. Soko, ambalo tangu zamani lilikuwa himaya ya wanawake, liliuza ndizi, ulezi, maziwa na magadi. Aliyetaka kula alinunua vitu vibichi akaenda kuvipika kwake. Nyama nayo ilikuwa na utaratibu wake. Ukoo ulipochinja, kila kiungo kilikuwa na mwenyewe kwa kufuata umri, jinsia na undugu. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro, aliuchukulia mgawanyo huo wa nyama kwa uzito mkubwa, maana aliona kwamba anayejua nani hupewa kipande gani anaujua ukoo wenyewe.

Kitu kilichoandaliwa nyumbani na kuhukumiwa hadharani kilikuwa mbege. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na ulezi uliooteshwa, ikatiwa gome la msesewe linaloipa uchungu. Msesewe ukizidi, pombe hainyweki. Ukipungua, inakuwa maji matamu. Ilikuwa ada aliyeiandaa aonje kwanza mbele ya wanywaji, kuwaonyesha kwamba ni salama. Kisha kata ilizunguka, na kila aliyepokea alikuwa na haki ya kusema. Hukumu ilitolewa papo hapo, mwenye pombe akisikia. Jina la mama mwenye mkono mzuri lilisambaa kijijini bila kuandikwa popote, na la mwenye mkono mbaya lilisambaa kwa kasi zaidi.

Tusiipambe picha hiyo kupita kiasi. Mgawanyo wa nyama uliwapendelea wazee na wanaume. Mwanamke aliyetwanga, aliyesonga na aliyechuja hakuwa na kauli sawa na mume aliyekaa na kata mkononi. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa wazi: waliohukumu ladha ya mlimani walikuwa watu wa mlimani, na waliijua kazi iliyofanyika kabla ya chungu kuepuliwa.

Mabadiliko yaliletwa na reli. Mwaka 1911, wakati wa utawala wa Wajerumani, reli kutoka Tanga ilifika Moshi. Mji mpya ukachipuka kuizunguka stesheni, chini ya Old Moshi, ambako Mangi Meli alikuwa amenyongwa na Wajerumani hao hao mwaka 1900. Mji huo uliwakusanya watu wasio na kihamba karibu: makarani, mafundi, vibarua, na baadaye madereva. Watu hao walihitaji kula kwa fedha. Wenyeji wa pwani wakaja na wali na maharage, Wahindi wakaja na chapati, sambusa na chai ya maziwa yenye viungo. Ndipo likazoeleka neno "hoteli" kwa maana tunayoijua sisi: benchi, meza, karai la maandazi, bila chumba hata kimoja cha kulala.

Lakini mji wa kikoloni haukuwa na meza moja. Mzungu alikuwa na hoteli yake na klabu yake. Mhindi alikuwa na maduka, nyumba na jumuiya zake. Mwafrika alikuwa na hoteli za mitaani na vilabu vya pombe vilivyotozwa ada. Hapakuwa na haja ya kuandika katazo kwenye kila mlango, kwa kuwa bei, mavazi na macho ya mhudumu vilitosha. Kuhusu vileo, sheria yenyewe ilisema: kwa miongo kadhaa Mwafrika wa Tanganyika alikatazwa kunywa pombe kali za Kizungu. Hivyo swali la "nile wapi?" lilipata maana nyingine. Kabla ya kuuliza wapi pana chakula kitamu, mtu alipaswa kujua wapi ataruhusiwa kuketi.

Jambo hili halikuwa la kwetu peke yetu. Nchini Marekani, mwaka 1936, mtumishi wa posta mweusi wa New York aitwaye Victor Hugo Green alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kwa wasafiri weusi, kikiorodhesha hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambako wangepokelewa bila kutukanwa wala kupigwa. Kitabu hicho kiliendelea kutolewa hadi miaka ya 1960. Kwa msomaji wake, sifa ya mkahawa ilikuwa jambo la usalama. Watu wetu waliposafiri kutoka Mwika kwenda Moshi, Tanga au Nairobi walikuwa na mwongozo wa namna hiyo hiyo, ila ulikuwa vichwani: shuka kwa fulani, kula kwa fulani, usikaribie pale.

Wakati huo huo, zao lililoipa mikahawa jina lake lilikuwa likiubadili mlima. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Kilema, si mbali na Marangu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wachagga wengi waliipanda katikati ya migomba yao, na walowezi wa Kizungu wakalalamika, kwani hawakutaka mshindani wala kumkosa kibarua. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, ambayo ilikuja kuwa mfano wa ushirika Afrika nzima. Safari yenyewe haikuwa laini: mwaka 1937 baadhi ya wakulima walifanya ghasia kupinga kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia chama hicho kimoja. Ghasia hizo ni ushahidi kwamba tangu mapema mkulima aliuliza nani ana haki ya kuipangia thamani kazi yake.

Na thamani ya kahawa hupangwa kwa ulimi. Kahawa ikifika mjini hukobolewa na kupangwa madaraja kwa ukubwa na uzito wa punje. Kisha sampuli hukaangwa, husagwa na kumiminiwa maji ya moto. Mwonjaji huivuta kwa kijiko kwa kishindo, huizungusha mdomoni, huitema, na kuandika: uchachu wake, uzito wake, harufu yake, dosari zake. Ulimi huo mmoja unaweza kuongeza au kupunguza ada ya shule ya watoto wa kijiji kizima. Kwa miongo mingi mkulima wa kawaida aliyeamka alfajiri kuchuma hakuambiwa kahawa yake ina ladha gani, aliambiwa bei. Yeye mwenyewe alirudi nyumbani kunywa chai. Moshi ukawa makao ya Bodi ya Kahawa na mahali pa mnada wa kahawa ya nchi nzima, lakini hadi leo sehemu kubwa ya kahawa hiyo hunywewa ng'ambo.

Hapa ndipo ninapoiona nasaba kati ya kahawa na mkahawa. Katika yote mawili, mzalishaji yuko mlimani na mwonjaji anatoka mbali. Maneno ya sifa hutungwa kwa lugha ambayo mzalishaji haisomi, kwa vigezo ambavyo hakushiriki kuviweka.

Uhuru wa mwaka 1961 uliivunja milango ya ubaguzi, lakini haukumrudishia mlaji wa kijijini kauli moja kwa moja. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba mengi mijini; familia nyingi za Wahindi zikaondoka, na baadhi ya mikahawa ikaondoka nazo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwemo, hadi viliporejeshwa katika miaka ya 1980. Kisha zikaja vita vya Kagera na miaka ya foleni, sukari ya kibaba na sabuni ya mgawo, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Katika njaa hiyo ya mijini ndipo mama lishe alipojitokeza kwa nguvu. Alikuwa na sufuria, mafiga na sahani chache za bati, akawalisha wafanyakazi ambao mishahara yao haikutosha kuingia hotelini. Hakuna aliyempa nyota, lakini kesho yake watu walirudi.

Miaka hiyo hiyo, na iliyofuata, watu wa mlimani walitawanyika nchini kwa biashara, ualimu na ukarani, wakabeba vyakula vyao. Mtori, ambao nyumbani ulikuwa kwanza chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua, leo ni supu ya asubuhi Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, imekuwa sehemu ya sherehe za harusi za watu ambao hawajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro kwa macho. Hakuna mwongozo wowote uliochapishwa ulioifanya kazi hiyo. Ilifanywa na vinywa vya walaji. Huo ni ushahidi kwamba sifa ya mdomo, hata bila karatasi, inaweza kuivuka nchi nzima.

Basi nyota hizi zilitoka wapi? Mwaka 1900, nchini Ufaransa, ndugu wawili waliokuwa wakitengeneza matairi, André na Édouard Michelin, walitoa kitabu cha bure kwa wenye magari, kikionyesha mahali pa kutengeneza gari, kulala na kula. Lengo lilieleweka: mwenye gari akisafiri zaidi, matairi yatakwisha upesi. Mwaka 1926 kitabu hicho kilianza kuzipa nyota hoteli zenye chakula bora, na tangu hapo nyota ya muuza matairi imewapandisha na kuwashusha wapishi mashuhuri duniani. Siwalaumu ndugu hao. Nawakumbusha wasomaji tu kwamba tangu siku ya kwanza aliyeorodhesha mikahawa alikuwa na biashara yake. Tovuti za leo nazo huishi kwa matangazo na kwa asilimia ya malipo ya wageni.

Mgeni anayeandika maoni kuhusu Moshi hupima mambo ambayo kwake yana maana: menyu ya Kiingereza, intaneti ya bure, choo safi, saladi isiyomwumiza tumbo siku moja kabla ya kupanda mlima. Ni mambo ya haki. Lakini hawezi kujua kama mtori umepikwa kwa mchare au kwa ndizi yoyote iliyopatikana sokoni, kama kisusio ni cha leo, kama mbege imetiwa msesewe wa kutosha. Hata huko mlimani, wapishi wa misafara humwandalia supu na tambi wakati wapagazi wanasonga ugali pembeni. Anaondoka akiamini amekula Kilimanjaro, kumbe sufuria mbili zilipikwa, naye alionjeshwa moja.

Matokeo ya ukimya huu ni ya shilingi, siyo ya heshima tu. Fedha ya utalii huenda pale simu inapoelekeza. Mkopo huenda kwa mwenye biashara inayoonekana. Mama lishe wa Mwika anajulikana na dola pale anapodaiwa: alitozwa ushuru, na mwishoni mwa mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo wa aina yake walitakiwa kununua kitambulisho cha ujasiriamali kwa shilingi 20,000. Jina lake liliingia kwenye daftari la walipaji. Bado halijaingia kwenye daftari lolote la wapishi.

Wapo watakaonijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama chakula cha Mwika ni kitamu, walaji wataleta walaji. Methali hiyo ilikuwa kweli katika kijiji ambamo kila mtu anamjua kila mtu. Haisemi kweli katika soko ambamo msafiri ana saa moja, ana simu mkononi na hana ndugu wa kumwuliza. Hapo kizuri kisichotajwa hupitwa na gari. Wengine watanikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, na ndiyo sababu sifa peke yake haitoshi. Panahitajika hukumu inayoweza pia kusema hapana.

Na hapa lazima tukiri udhaifu wa upande wetu. Sisi wenyeji ni wahakimu wabovu wa ndugu zetu. Tunamsifu shangazi kwa kuwa ni shangazi, tunamponda jirani kwa kuwa tuligombana naye mpaka wa shamba. Tunavumilia maji machafu ya kunawia kwa kisingizio cha kuzoea, ilhali historia ya kipindupindu nchini mwetu inatufundisha mazoea hayo yanagharimu nini. Mgeni, kwa kuwa hana ukoo hapa, anaweza kuisema kasoro ambayo sisi tunaimeza. Sina nia ya kumnyang'anya ulimi. Nataka asiwe peke yake mezani.

Nini kifanyike? Kwanza, tuandike. Watu wa Mwika waliosoma ni wengi mno kwa kijiji hiki kukosa hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema wapi pa kula na kwa nini. Wapo wanafunzi wa chuo cha Kilutheri hapo hapo Mwika, wanaokula vibandani kila siku na kuujua mkono wa kila mpishi. Kila Desemba, watoto wa mlima wanaporudi kutoka mijini na barabara ya Rombo inajaa magari, wanapiga picha za nyama na kuziweka mtandaoni bila jina la mchomaji. Waongeze jina, kwa ridhaa yake, na sentensi tatu za kweli.

Pili, tuweke vigezo vyetu. Mtori uwe laini, wenye ladha ya mfupa uliochemka muda mrefu, usiozidiwa na unga wa kuongezea uzito. Kiburu kiwe na maharage yaliyoiva pamoja na ndizi, yasiwe yamemwagiwa juu mwishoni. Nyama ichaguliwe na mteja buchani na kupimwa mbele ya macho yake. Mbege itajwe siku yake. Maji ya kunawa, choo na bei vipimwe bila huruma, kwa shangazi na kwa jirani.

Tatu, halmashauri na vyuo wamtazame mama lishe kama mpishi. Anayemtoza ushuru amchimbie pia bomba la maji. Anayefundisha utalii ampeleke mwanafunzi wake kibandani kabla ya kumpeleka hotelini.

Kahawa imekwisha kutuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. KNCU, ushirika ule ule wa mwaka 1933, baadaye ilifungua mkahawa wake mjini Moshi, ambako kahawa ya wakulima hukaangwa, husagwa na kunywewa hapa hapa. Wengi walioukalia ni wageni, ni kweli, na wengi waliousifu wameusifu kwa Kiingereza. Lakini mkulima wa Mwika anayeshuka mjini kwa shughuli za ushirika anaweza kuketi pale, akaagiza kikombe cha zao lake, akaonja, na kusema kama kinafaa au hakifai. Baada ya hapo apande gari, arudi Mwika, na pale sokoni aseme vivyo hivyo kuhusu mtori. Safari hii aandike.